Jina la Brodnik na Jina Lako, Baba

Uvira, mtaa wa Rugenge
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na kabla ya yote nauliza hali ya lile goti. Estha aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Lakini dada yangu hupenda kunituliza, kwa hiyo mwambie aandike ukweli. Na sikio je? Mara ya mwisho nilipopiga nilikuuliza habari za Mama mdogo, ukanijibu habari za mahindi. Ndiyo sababu naandika. Mambo ya leo hayafai kupigiwa kelele kwenye simu, tena katika nyumba hii ambayo jirani husikia hata ukigeuka kitandani.

Mjukuu wako ametimiza wiki kumi na mbili. Ananyonya vizuri na analia kama mtu aliyenyimwa kiwanja chake. Mke wangu Furaha amepata nguvu, ingawa tangu wiki tatu zilizopita anasema maneno machache. Utaelewa.

Katika barua yako uliniuliza swali moja, ukalipigia mstari: “Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Unangoja nini? Hata mbuzi wa jirani hapa Kalemie ana jina.” Nililisoma mara nyingi. Jibu ni refu na lina damu ndani. Nitakupa kwa utaratibu wa kazi yangu ya redio: nilichoona nitasema nimeona, nilichoambiwa nitasema nimeambiwa. Na jambo moja kabla sijaanza. Sitaandika humu jina lako wala kabila la mtu yeyote. Barua hii inakuja na Mama Anifa, muuzaji wa vitenge, ambaye atapita kwenye bariyeri, kizuizi cha wenye silaha, kabla ya kufika kwenye boti, na kwenye bariyeri watu hufungua mizigo.

Unamkumbuka shemeji yangu Brodnik, kaka yake Furaha wa mama mmoja. Siku ya arusi yetu ndiye yule mrefu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyetengeneza mguu wa kiti chako kabla hujakaa. Ulicheka jina lake, ukasema ni kama sauti ya kitu kilichoangukia ndani ya ndoo. Naye akacheka. Hukuuliza limetoka wapi. Mimi niliuliza.

Aliyenisimulia ni mama mkwe wangu, na amenisimulia mara nyingi bila kubadilisha kitu, jambo ambalo katika kazi yetu ni dalili nzuri. Ilikuwa vita ya kwanza. Asubuhi hiyo mumewe alisimamishwa njiani, akaulizwa jina, akalitaja, akauawa hapo hapo mbele yake. Yeye alikimbia kuelekea bandari ya Kalundu.

“Minye nilikuwa na tumbo ya miezi tisa,” husema. “Risasi zinalia fasi yote. Nikaingia mu atelye ya ule muzungu wa mamashini, sababu mulango ulikuwa wazi. Nikamukuta chini ya meza. Nikamwambia: toka hapo, hapo njo nazalia.”

Mzungu huyo mwenye karakana alikuwa Mslovenia, fundi wa injini za meli, aliyeitwa Brodnik. Alikata kitovu kwa mkasi wa kukatia bati, aliouosha kwanza kwa pombe aliyokuwa anakunywa. Mtoto alipolia, mama mkwe akamwuliza mzungu jina lake, akampa mtoto. Alitaka jina ambalo mtu mwenye panga akilisikia asijue amweke upande gani.

Wiki hiyo hiyo mzungu akavuka ziwa, na hakuna aliyesikia habari zake tena. Watu wa mtaani hupenda kusema alivusha wakimbizi wengi chini ya risasi. Nimetafuta shahidi wa hilo, sikupata hata mmoja. Alikata kitovu kimoja, akaondoka.

Nilimwandikia mwandishi mwenzangu wa Slovenia nikamwuliza juu ya jina hilo. Akanijibu kwamba hata kwao ni adimu. Wanalo familia chache, zilizotoka vijiji vya kando ya mto, na hapo kale lilikuwa la kazi: mtu aliyevusha watu kwenye kivuko. Kwao baba, mama na watoto wote huitwa jina moja. Nilipomwambia kwamba Rugenge peke yake naweza kumpatia Brodnik watatu kabla sijamaliza chai, na kwamba hawana udugu wowote, alidhani namtania.

Lilienea hivi. Mama mkwe alipita bariyeri na mtoto mgongoni, akaulizwa jina la mtoto, akalitaja, wakatazamana, wakamwachia. Wanawake waliokuwa nyuma yake walisikia. Mwaka uliofuata kulikuwa na Brodnik wanne kando ya ziwa, kisha wengine. Karani wa eta sivili, mzee ambaye ameshika vitabu vya vizazi tangu nikiwa shule, alinifungulia kurasa mwenyewe. Miaka ya utulivu jina halionekani. Baada ya kila mauaji linarudi, la wavulana na la wasichana.

“Angalia, muandishi,” aliniambia. “Vita ikipita, Brodnik banazaliwa. Kama uyoga kisha mvua.”

Sisi tulilichukulia kama mchezo. Mara moja alikuja mgeni wa kugawa misaada, akasoma orodha, akaona Brodnik kumi na mmoja wa Rugenge, akawaandika wote kwenye fishi moja, kadi ya familia. Akawapa sufuria moja. Waligombana mchana kutwa nani kati yao ni mama wa nyumba. Shemeji yangu alirudi nyumbani na kifuniko tu, na Furaha anakitumia hadi leo.

Sasa nakuja kwenye yale niliyoona.

Ya kwanza ni barabara ya Makobola, Furaha akiwa na mimba ya miezi mitano. Tulikuwa juu ya lori, kamiyo ya mihogo, watu watano: mimi, Brodnik, mwalimu wa shule ya msingi na wanawake wawili. Kabla ya kijiji tukakuta gogo barabarani na vijana wenye silaha. Wakatushusha, wakataka karte za utambulisho. Mwalimu alitoa yake wa kwanza. Jina lake lilikuwa la upande wasioutaka. Hawakumwuliza kitu kingine. Walimpiga panga mara tatu: begani, shingoni, shingoni tena. Alianguka juu ya mfuko wake wa madaftari. Nilikuwa karibu kiasi kwamba damu ilinifika kwenye viatu.

Karte yangu ilikuwa ndani ya soksi. Baba, jina tunalolibeba, lako, ambalo kwenye karte limeandikwa baada ya langu, kwenye barabara ile ni sawa na lile la mwalimu.

“Weye, karte iko wapi?”

“Imepotea.”

“Jina?”

Nilifungua mdomo, lakini Brodnik ndiye aliyejibu. Karte yake ilikuwa bado mkononi mwa kijana.

“Huyu iko mudogo wangu. Brodnik vilevile.”

“Bote bawili Brodnik?”

“Bote bawili. Kwani bazungu banafanyaka namna gani? Jina ya baba njo jina ya batoto bote. Baba yetu alikuwa muzungu.”

Kijana alinitazama, akaita wenzake. “Mukuje muone! Muzungu mweusi tii, kama masizi ya sufuria!”

Walicheka sana. Mwalimu alikuwa bado anatikisika chini. Mmoja akanipiga kitako cha bunduki mdomoni, nadhani kwa furaha tu, kisha wakatuambia tupande gari. Lile pengo uliloliona kwenye picha, nilikuambia nilianguka bafuni. Sikuanguka.

Njiani Brodnik aliniazima kitambaa chake cha kufutia grisi nizibe damu. “Sasa uko famille,” akasema. “Sufuria tutagawana.”

Mtoto alipotimiza mwezi mmoja, Brodnik alimbeba, akamwambia Furaha: “Mumupe yangu. Inapita barabara yote.” Barua yako ilikuwa imefika siku moja kabla. Nilijua wewe unataka nini, na nilijua nimeona nini Makobola. Ndiyo maana nilichelewa, Baba. Si kwa dharau.

Ya pili ni wiki tatu zilizopita, kwenye barabara ya kaskazini, ndani ya tambarare ya Ruzizi. Brodnik aliitwa kwenda kuchomelea mashine ya kusagia iliyopasuka. Mimi nilikwenda naye kwa sababu ya kipindi cha redio kuhusu vijiji vilivyokosa unga. Saa nne asubuhi tukakuta bariyeri. Hawa hawakuwa wale wa Makobola. Walikuwa maadui wao. Brodnik alitoa karte yake bila kuombwa, kama kawaida yake.

Mkuu wao alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya upole. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

“Brodnik. Ndugu yako alichoma nyumba yangu na mama yangu ndani.”

Ilikuwa inasemwa kwamba Brodnik mmoja wa kando ya ziwa amejiunga na wale wa Makobola, na kwamba ndiye aliyeongoza shambulio kwenye kijiji cha mkuu huyu. Sijapata uthibitisho wa shambulio hilo wala wa jina.

“Shefu, minye sina ndugu,” Brodnik akasema. “Mama alizaa minye na dada yangu, basi.”

“Jina ya bazungu iko ya famille. Baba, batoto, bote moja. Weye mwenyewe njo ulisema.”

“Nilisema wapi?”

Mkuu akamwonyesha mmoja wa watu wake. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Ndiye aliyewaita wenzake kule Makobola waje waone mzungu mweusi. Alikuwa amebadilisha kambi tangu hapo, kama wengi wanavyofanya.

“Shefu, ile ilikuwa uongo,” Brodnik akasema. “Nilisema vile kwa kupita.”

“Na leo? Unasema sina ndugu. Si iko kwa kupita vilevile?”

Jibu la hilo sijalipata, na nimelitafuta siku ishirini na moja.

Yule mgeuka kambi akaninyooshea kidole. “Na huyu njo ule mudogo wake.”

Nikatoa karte yangu. Mkuu akasoma jina letu, na uso wake ukabadilika. Kwa watu wale jina letu ni zuri. Akanirudishia karte kwa heshima.

“Huyu si Brodnik. Huyu iko wa kwetu.” Kisha akaniuliza: “Unamujua huyu muntu?”

Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Ningeweza kusema ni shemeji yangu, mjomba wa mtoto wangu, hana udugu na mtu yeyote mwenye bunduki. Sikusema kitu. Brodnik alinitazama kidogo, kisha akajibu yeye.

“Simujue. Nilimukuta mu njia.”

Walimpeleka hatua ishirini hivi, hadi ukingo wa shamba la mihogo. Walimpiga risasi ya goti kwanza, akaanguka, wakamwinua akae. Alikuwa bado anaeleza. Aliwaeleza habari za mama yake, za vita ya kwanza, za mzungu chini ya meza, haraka haraka, kama mtu anayejua kwamba habari ni ya kweli na kinachokosekana ni muda. Neno la mwisho nililolisikia ni “atelye”. Panga la kwanza lilipita kwenye mkono alioinua, la pili halikukutana na mkono, likafika shingoni.

Nilimrudisha Rugenge juu ya baiskeli niliyoazima kwa watu wa mashine, nikiisukuma. Waliniruhusu. Jina letu liliniruhusu.

Tangu siku hiyo wameuawa Brodnik wengine wawili kwenye tambarare, mmoja ni mwanamke aliyekuwa anauza mawese. Hawakuwahi kujuana. Akina mama wanapanga mstari kwa yule karani, wakiomba jina lifutwe kitabuni, na yeye anawajibu kwamba kalamu yake inaandika, haifuti. Watoto mtaani wanaitwa kwa majina mengine, hawageuki, wanazabwa kofi, wanageuka.

Matanga yalikuwa siku saba. Kila aliyekuja alimtazama mtoto mikononi mwa Furaha na kumwuliza kama jina limekwisha kupatikana, na kila mtu alijua anauliza jina gani. Kwa akina Furaha mtoto aliyezaliwa karibu na msiba hubeba jina la marehemu. Hata mimi nililiona ni deni langu. Barua yako ilikuwa ndani ya mfuko wa shati muda wote.

Siku ya nane nilimweleza mama mkwe juu ya ule ukimya wangu. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, bila kupunguza. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

“Nilijua,” akasema. “Batu bawili banaenda, mumoja anarudia. Kila mara kuko kitu ule wa kurudia hakusema.”

Alhamisi iliyopita akamchukua mtoto, akamlaza kwenye mapaja yake, akaniita mimi na Furaha.

“Muandike jina ya babu yake.”

“Mama, jina hilo linaua kwenye barabara ya Makobola,” nikasema. “Nimeona.”

“Na ile yetu inaua kwa barabara ya huku. Niliokota jina ya muntu wa chini ya meza, nikafunika nayo mutoto wangu. Ikamufunika. Kisha ikamutafutia adui wenye hakuzaliwa nao.” Akamkung’uta mtoto punje ya mchele shavuni. “Kama batamuua huyu, bamuue kwa kitu iko yake.”

Furaha akamnyang’anya mtoto. Sijawahi kumwona akimfanyia mama yake hivyo.

“Hakuna wa kuua mutoto wangu, Mama! Si kwa jina yake, si kwa ya muntu mwingine!” Akasimama mlangoni, mtoto akaanza kulia. Baadaye akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya chini: “Andika ya babu. Lakini niambie kwanza, ilianzia wapi?”

“Nini?”

“Ile jina. Ya muzungu uliifuata mupaka mu mto ya kwao. Ya baba yako ilianzia wapi?”

Baba, nilikuwa sijui.

Ijumaa nilikwenda kwa karani. Zilikuwa zimebaki siku chache za kuandikisha bila usumbufu. Aliponiona akashika kalamu, akauliza, “Brodnik tena?” kwa masikitiko, kwa sababu alimfahamu marehemu. Nikamwambia hapana, nikamtajia jina lako. Akaniangalia, akainuka, akafunga mlango, kisha akaliandika taratibu kwa mwandiko wake mzuri. Mjukuu wako anaitwa kama wewe. Estha atakapokusomea hapa asitafute jina, halimo. Litamke mwenyewe, mara moja, atakayekuwa karibu alisikie.

Salamu zangu kwa dada Estha msomaji wetu, na kwa Mama mdogo, mahindi yake pia. Umsalimie mjomba Yakobo fundi viatu, umwambie vile alivyonishonea nimevitupa, na asiulize kwa nini. Umsalimie na mzee katekista aliyetufundisha kabla ya ndoa, amwombee Brodnik kwa jina hilo hilo, maana ndilo alilobatizwa.

Mama Anifa atangoja jibu siku mbili kabla ya kurudi na boti. Usimpe lolote lingine, mpe hili tu, kwa mwandiko wa Estha au kwa mdomo kama unaogopa karatasi: nani alilibeba jina letu kabla yako, aliishi wapi, na alikufa kifo gani. Nitayahifadhi. Mtoto akianza kuuliza, nitakuwa na la kumjibu.

Mimi mwanao wa pili,
ambaye jina lake unalo.